Kompyuta Iliyomsalimia Mzee Mkumbo

Nina aibu moja ambayo nimemkataza mke wangu kuisimulia mbele ya wageni, kwa hiyo leo naisema mwenyewe, tena yote, maana wengine wakiisimulia wanaongeza chumvi na yenyewe ilishakolea tangu mwanzo.

Ilikuwa Kiomboi, miaka ile soko huria limeshika kasi na mitumba inaingia ya kila aina, redio, baiskeli, mpaka kompyuta. Nilikuwa mwalimu wa hesabu katika sekondari moja pale, na mkuu wa shule alinunua kompyuta iliyotumika kwa mfanyabiashara wa Singida mjini, ambaye alitupatia na kitabu kimoja kama nyongeza. Kitabu kilikuwa cha asembli. (Asembli, kwa asiyejua, ni lugha ya kuiamuru mashine hatua moja moja: weka tatu kwenye chumba hiki cha kumbukumbu yake, punguza moja, rudi mstari ule. Haikisii ulichokuwa unataka, inafanya ulichoandika.)

Kitabu kilisema anayeanza aanze na kidogo kabisa, aweke namba moja kwenye chumba kimoja, aendeshe mstari mmoja, atazame nini kimebadilika, ndipo aende wa pili. Kwa miezi miwili nilifanya hivyo, naandika kwanza kwenye daftari, nafuatilia kwa penseli, halafu jenereta ikiwashwa naenda kuhakikisha, na niwe mkweli, sijawahi kufurahia kujifunza kitu namna ile. Wanafunzi kumi na mmoja wa kidato cha tatu wakajiandikisha niwafundishe. Kilichobaki ni chumba cha kufundishia, na chumba pekee kilikuwa stoo ambayo kamati ya wazazi ilikuwa inaitaka kwa mahindi ya chakula cha shule. Wazee wakasema waje kwanza waione hiyo kompyuta, ndipo waamue.

Nikaandaa programu ya kuandika "Shikamoo mzee" kwenye kioo, na mlio mmoja, pii, ili hata aliyekaa nyuma ajue amesalimiwa. Niliijaribu mara nyingi, haikuwahi kukosea. Sasa siku yenyewe, jenereta inanguruma, nachungulia dirishani naona wanakuja watatu, na kwetu ukikutana na wazee watatu unamsalimia mmoja mmoja, huwarushii salamu ya jumla kama unafukuza kuku. Nikaona haraka haraka niongeze mistari miwili, mmoja wa kuweka hesabu ya tatu na mwingine wa kupunguza moja na kurudia. Sikuijaribu. Niliona ni mistari miwili tu, na mimi ni mwalimu wa hesabu.

Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mkumbo, alikalishwa mbele kabisa. Nikabonyeza, pii, salamu ikatokea, naye akavua kofia akaitikia marahaba, tena kwa heshima zote, lakini alipomaliza kuitikia ya kwanza zilishakuwa saba. Zikaendelea. Kioo kikajaa shikamoo, zinapanda juu zinapotea, pii, pii, pii, wanafunzi dirishani wameziba midomo, mimi natabasamu kama mtu aliyepanga iwe hivyo. (Kuna vitufe viwili ukivibonyeza pamoja vinaikatisha. Nilivifahamu wiki iliyofuata.) Nikaona nichomoe waya, nikachomoa wa kioo, kioo kikawa cheusi na ile mashine ikaendelea kusalimia gizani, pii, pii, mpaka nikakimbia nje mwenyewe kuzima jenereta.

Niliporudi, Mzee Mkumbo alikuwa bado ameshika kofia mkononi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "huyu anasalimia hangoji kuitikiwa. Nani kamlea?"

"Mimi, mzee," nikamjibu.

Jioni nilikaa na daftari langu nikaliona kosa kwa dakika moja: mstari wa kurudia nilikuwa nimeuelekeza pale pale panapowekwa tatu, kwa hiyo kila ikipunguza moja inarudi kujiwekea tatu upya, na haimalizi kamwe. Kalamu ya risasi ingenionyesha kabla wazee hawajafika mlangoni. Hilo ndilo lililoniuma, kwamba njia ya kujifunza nilikuwa naijua, ila siku ya kuonekana mbele ya watu nikajiona nimeipita.

Kamati ikaamua stoo iwe ya mahindi. Siwalaumu, mahindi hayakuwadhihaki. Kompyuta ikahamia ofisini kwa mkuu wa shule, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, isiguswe tena, na mimi nikaapa kwamba sitaendesha mbele ya mtu mstari ambao sijaufuatilia kwa penseli, hata kama ni mmoja, hata kama wageni wako mlangoni. Kiapo hicho sijakivunja.

Wale wanafunzi niliwafundisha kwenye karatasi Jumamosi kadhaa, tunachora vyumba, tunafuta namba, tunaandika nyingine, wakawa wanapungua. Wa mwisho kubaki alikuwa binti anaitwa Neema. Siku moja akaniletea daftari, ameandika programu ile ile ya salamu tatu, ameifuatilia mstari kwa mstari mpaka inafika sifuri na kusimama, haina kosa hata moja, akaniuliza akaijaribu wapi. Nikaikagua mara mbili, nikamwekea alama ya vema, nikamrudishia.