Paa la Nyumba ya Kungojea

Nyumba ile nikiiota, huwa haijaezekwa. Naingia mchana, nakaa chini, juu yangu mbingu tupu iliyopauka kwa vumbi la kiangazi, na udongo mbichi wa kuta unanukia. Sijui kwa nini siioti ikiwa imekamilika. Labda ni kwa sababu siku zile za bila paa niliishi roho juu, na roho ikizoea kukaa juu hushuka kwa shida.

Zilikuwa zama za Waingereza. Nilikuwa mke wa juzijuzi katika kijiji kimoja kusini ya Dodoma, mume wangu amekwenda kukata mkonge huko Kilosa, nami nimebaki na mama yake ndani ya tembe, nyumba ya paa la udongo. Zahanati ilikuwa mbali. Ukitoka alfajiri, unafika jua la utosi, tena wewe mzima mwenye miguu yako. Mimba yangu ya kwanza ilipofika siku zake, wanaume walinibeba juu ya kitanda cha kamba. Nakumbuka mbingu ikiyumba, na jasho la mbebaji wa mbele likiloanisha shingo yake. Hatukufika. Mtoto alizaliwa njiani, kwenye kivuli chembamba cha mti wa miiba, akapokewa na mama mkwe wangu.

Nikasikiliza. Watu wote wakanyamaza, nami nikasikiliza mpaka masikio yakaniuma. Hakulia.

Mama mkwe alimfunga katika kaniki yake. Njia ile alikuwa anaijua. Binti yake, wifi yangu ambaye sikujaliwa kumwona, alifia njia hiyo hiyo akiwa na mimba, kabla mimi sijaolewa pale. Katika ng'ombe wa mahari ya binti huyo mmoja alikuwa fungu la mama, jike jekundu lenye pembe iliyopinda. Hakuna aliyeruhusiwa kumkamua ila mama mkwe. Asubuhi ungemsikia zizini akizungumza naye polepole, kama anamsuka mtu nywele. Sisi wengine tulipita mbali.

Mimi nina mdomo, sikatai. Watu walisema nilizaliwa nikiwa nimeshaanza kulalamika. Basi siku moja tukiwa mtoni, tunachimba mchanga tupate maji, nikawaambia wanawake wenzangu: hivi sisi ni mizigo, kila mwaka kubebwa na kumwagika njiani? Tujenge nyumba hapa katikati ya vijiji vyetu. Mwenye mimba aje mapema, akae, angoje siku zake, na mkunga aletwe akae hapo hapo. Wakacheka kwanza. Halafu mmoja akaacha kucheka, na wa pili, na kata zikabaki mikononi hazichoti.

Habari zikamfikia bwana wa maendeleo, kijana wa Tanga aliyekuja kwa baiskeli, kaptura zake zimepigwa pasi hadi ungeweza kukatia nyama. Alitusikiliza vizuri, Mungu ampe heri. Akatuambia kwamba baraza lina pesa kidogo za kuwasaidia watu wanaojitolea kuanzisha jambo lao wenyewe.

"Si pesa za kumaliza," alisema. "Ni za kuanzia. Miti yenu, udongo wenu, mikono yenu. Ila paa liwe la bati. Tembe linaficha papasi wa homa, na mkunga hataletwa alale na papasi. Bati likiwa juu kabla ya mvua, mkunga mtampata."

Wakati huo nilikuwa nimeshajijua. Mume alikuja likizo, akaondoka, akaniacha na siri tumboni. Nilihesabu kwa kimya nikaona mtoto na mvua watakuja pamoja. Ndiyo maana neno bati liliniingia mwilini. Nililala na bati, nikaamka na bati. Nililiona likimeta hata penye vumbi tupu.

Pesa zilipotoka akapewa mama mkwe, kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Akafuatana na wanawake wengine kwenda mjini, kwa Mhindi mwenye duka la vifaa, kununua mabati. Nami siku waliyotazamiwa kurudi nikakaa nje tangu asubuhi. Upepo wa kipupwe ulikuwa unasokota vumbi uwandani, nguzo nyekundu zinasimama, zinatembea, zinalala. Kwenye vumbi mojawapo nikawaona. Natafuta mng'aro vichwani mwao, sioni. Natafuta tena. Mbele yao anatembea mtamba, shingoni kamba, anang'oa majani makavu bila haraka.

"Mbukwa, mama," nilimwamkia, maana adabu ni adabu hata ukiwa unaungua. "Mabati yako wapi?"

"Si huyu hapa?"

Loo! Damu ilinipanda hadi nikaona giza. "Mama, huyu anakula nyasi!"

"Ndiyo. Na atazaa. Wewe umeona bati likizaa?" Akamfunga mtamba kwenye nguzo, akajifuta uso. "Wamesema ni za kuanzia. Hapa kwetu aliyepigwa na njaa anaanzishwa kwa kitu gani? Kijana anayetoka kwa baba yake anapewa nini cha kuanzia? Wanawake watakuja kungoja hapa mwezi mzima. Watakunywa nini, upepo?"

Na wenzangu, wasaliti wakubwa, wanaitikia kwa vichwa! Wote waliliona jambo la haki kabisa. Mtu akikusaidia kuanza anakupa jike, hilo kila mtoto wa huku analijua. Pesa ni za kupita tu. Hata mimi nililijua. Lakini aliyekuwa tumboni mwangu hangoji ndama.

"Na paa?" nikauliza.

"Tutaezeka udongo kama watu. Chini ya udongo mvua inanong'ona. Bati lina kelele, hata maiti hapumziki."

Nilimnunia. Lo, nilinuna! Namsongea ugali, namchotea maji, napika mlenda wake anavyoupenda, lakini uso nimeufunga. Yeye hakujali, au alijifanya hajali. Kazi iliendelea. Tulikata miti, tukakanyaga udongo, na mwenye zamu ya kupumzika aligonga ngoma tukakanyaga kwa mapigo yake. Nakiri siku zile zilikuwa na utamu wake, utamu wa ajabu kama wa usingizi wa mchana. Kuta zilipanda. Mtamba alilala kwenye kivuli cha ukuta akitafuna, na jioni mwanga ulikuwa mwekundu mpaka sisi wote tukaonekana tumefinyangwa kwa udongo ule ule. Tumbo langu nalo likapanda.

Bwana wa maendeleo alirudi mawingu ya kwanza yalipoanza kujikusanya upande wa mashariki. Akaegemeza baiskeli, akazunguka kuta, akazisifu. Kisha akamwona mtamba.

"Huyu wa nani?"

"Wa nyumba," akajibu mama mkwe.

Alipoelezwa, alicheka. Alipofahamu kwamba hatutanii, kicheko kikamkauka. "Mama zangu, mimi nitaandika nini kwa wakubwa? Nimewaombea bati! Mkunga yuko tayari, na kuna kijiji kingine kinamtaka. Muuzeni huyu. Mvua ikianza kabla ya bati, mkunga anakwenda kwa wenzenu, na mimi sina la kufanya."

"Hauzwi," alisema mama mkwe.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Mbele ya mgeni mwanamume, mbele ya wanawake wote, mimi mkwe wa watu nilimpigia kelele mama wa mume wangu: "Auzwe! Auzwe leo! Au unataka na huyu nimzike njiani?"

Hata mtamba aliacha kutafuna. Mama mkwe alinitazama usoni, macho yakamshuka polepole mpaka tumboni mwangu, yakabaki hapo. Akachukua fimbo yake, akaelekea zizini.

Kesho yake hakuwapo. Nilidhani amekwenda kwa ndugu zake kunishtaki, nikasema moyoni, na ashtaki. Nikaenda zizini kukamua wale ng'ombe wengine. Mtamba wa nyumba alikuwapo, amesimama pale pale. Jike jekundu la pembe iliyopinda halikuwapo.

Nilikaa chini kwenye samadi. Ilikuwa siku ya mnada. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Alirudi na punda wawili wa kuazima, mabati yamefungwa ubavuni yanagongana njia nzima; tulimsikia kabla hatujamwona. Miguu yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi hadi magotini. Nilimkimbilia kama nilivyoweza na tumbo lile, nikapiga magoti, nikaanza, "Mama, yule alikuwa wa..."

"Inuka, utaumia," alinikata. "Mtamba atabaki, atawanywesha watakaokuja. Na bati lako hilo hapo. Utalisikia mwenyewe."

Lakini asubuhi zilizofuata nilimwona akienda zizini kwa mazoea na kibuyu chake, anasimama penye nafasi iliyobaki tupu, anarudi na kibuyu kikavu. Iliniuma. Mpaka leo inaniuma.

Fundi aligongelea msumari wa mwisho mawingu yameshashuka. Mkunga alikuja, mwanamke mnene mwenye vicheko vingi, akatandika kitanda, akachemsha maji, akauliza nani wa kwanza. Nilikuwa mimi. Uchungu ulinishika mchana, hewa imesimama, inzi wamelala ukutani. Mama mkwe alikaa nyuma yangu nimemwegemea, magoti yake huku na huku yangu, nami nikawa naona kwa mbali kama mtu aliyezama, naona bati jipya juu yangu liking'aa, na uso wangu ndani yake umevunjika vipande.

Ndipo mvua ikaja. Haikunong'ona. Iliangukia bati lile kama mawe, ikaziba kila kitu, sikusikia hata sauti yangu mwenyewe nikipiga kelele. Mtoto akatoka. Mkunga alimwinua kwa miguu, akampiga kofi, mdomo wake mdogo ukafunguka.

Nikasikiliza. Bati tu. Mdomo umefunguka na hakuna sauti, hakuna chochote ila bati, bati nililolililia, bati nililomtukania mkubwa wangu. Nilijua. Nikageuza uso ukutani nisione wakimfunga.

Mama mkwe alinishika taya akanigeuza. Midomo yake inasema kitu, sisikii. Akaukamata mkono wangu, akaufungua kiganja kwa nguvu, akakibandika juu ya kifua cha mtoto. Kifua kilikuwa kinatetemeka. Kinatulia, kinavuta, kinatetemeka tena, chote, mpaka kwenye vidole vyangu. Alikuwa analia. Analia kwa nguvu zake zote na mimi nimemshika kilio mkononi. Mama mkwe akainua uso akalikemea paa, mishipa ya shingo imemtoka, nikamsoma midomo: nyamaza wewe, nyamaza, mama yake hamsikii!

Mvua za kwetu hukatika ghafla. Ilipokatika, nyumba ikajaa vilio viwili. Kimoja kilikuwa cha mwanangu. Kingine kilikuwa cha mama mkwe, amejiinamia nyuma ya mgongo wangu, anamwita binti yake.