Wavu wa Wanaume Pale Voi

Juzi nimepigiwa simu kutoka Mwatate, wasomaji wangu, na kabla mpigaji hajamaliza salamu nilikwisha jua. Kapteni wetu ametutoka. Jina lake sitalitaja, maana mwenyewe angenikemea: "Wewe, andika habari za timu!" Basi leo naandika habari za timu, na nikirudi kwake kila mara, nivumilieni.

Miaka ya sabini ilipokuwa ikianza, wanawake kucheza voliboli pale Voi kilikuwa kichekesho. Tulikuwa kumi: muuguzi mmoja, karani mmoja, wauza nyanya wawili, na waliobaki wake wa wafanyakazi wa reli, waliokaa landhi, zile nyumba za reli. Mimi, yule karani, nilikuwa mchezaji wa akiba, na nilistahili. Uwanja ulikuwa mmoja tu, wa klabu ya wanaume. Walituachia saa nane mchana, ardhi ikiwa haikanyagiki kwa jua, kwa sharti kwamba tuondoke kabla hawajatoka kazini na tusiguse kitu. Tuliurukia ule wavu wao mpaka magoti yakavimba, na bado mpira ulikuwa ukigonga kamba na kuturudia usoni. Tukilalamika, kapteni, mfupi kuliko sisi sote, aliruka kwanza yeye, kisha akatucheka: "Mchagua jembe si mkulima. Haya, tena!" Maajabu ya Mungu, mtu mfupi akiruka vile sijapata kuona tena.

Baada ya miaka miwili tukaalikwa Mombasa kugombea kombe. Tulipofika uwanjani, muuguzi wetu akamwendea refa kwa adabu zake zote: "Samahani, baba, wavu wenu umelegea." Refa akaukagua, akarudi akitabasamu. "Haujalegea, mama. Huu ndio wavu wa wanawake. Ule wa juu ni wa wanaume." Tukageuka sote kumwangalia kapteni. Alikuwa ameinama, anafunga kamba za viatu zilizokuwa zimekwisha fungwa. Seti ya kwanza tulishindwa, kwa kuwa kila mpira tuliutoa nje. Kisha mikono ikazoea na, jamani, wenyeji wale hawakujua mpira unatokea wapi. Kombe tukalibeba.

Ndani ya treni ya kurudi hakuna aliyeimba. Muuguzi alifunua magoti yake, akamwuliza kapteni, "Ulijua?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ukatuacha tuumie hivi?"

Kapteni akalia. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia. "Tungeushusha hata siku moja, wangetufukuza," akasema. "Kuruka nilijua mtajifunza. Uwanja mwingine tungeupata wapi, dada zangu?"

Sisemi alifanya sawa. Muuguzi yule hata leo akipanda ngazi anashika ukuta, na angalau tungeambiwa tukachagua wenyewe. Lakini nimefanya kazi miaka mingi katika vyumba vya habari ambako mwanamke alipewa kiti kwa sharti asikisogeze, na kila nilipotaka kuondoka nilimkumbuka mama huyu aliyebeba siri ya watu kumi peke yake, akiruka nayo kila siku. Hata sasa namshangaa.

Jumatatu iliyofuata safari ile, kapteni alikwenda kwa kamati ya klabu, akaweka kombe mezani. Wazee wakapiga makofi, wakaanza hotuba za kumsifu. Akawakatiza: "Ahsanteni, wazee, sifa wekeni. Sisi tunataka siku mbili kwa wiki, jioni kama ninyi, na ruhusa ya kushusha wavu." Wakatazamana. Mmoja akakohoa. Wakampa.

Wasichana waliokuja baadaye, kutoka Mwatate mpaka Rukanga, waliukuta wavu uko kwenye kimo chao na wakadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Nilimwuliza siku moja kama haimuumi kwamba hawajui. "Wakijua," akanijibu, "wataanza kunishukuru badala ya kucheza." Pengine kazi njema ndiyo hiyo, ile inayomwacha anayekufuata aanze bila deni. Yeye alinyamaza, na ilikuwa haki yake. Mimi nilikuwepo, nikaona, kwa hiyo kunyamaza si haki yangu.