Jogoo wa Mama Zawadi

Jamani, mimi nimezaliwa na mkono wa bahati. Mtoto asiyeongea nikimshika mimi, anaongea!

Mnajua nafundisha watoto wadogo wenye ulemavu majumbani, siku mbili kwa wiki. Siku nyingine napiga boda hapa Kiomboi.

Leo asubuhi nilikuwa kwa Zawadi, wa miaka mitatu. Majirani wanasema hana adabu, haamkii watu.

Nikachuchumaa mbele yake, nikatamka taratibu: "Shikamoo."

Akanitazama mdomo. "...kamoo!"

Bibi yake akapiga vigelegele. Mimi nikatembea uani kama mbunge.

Mama yake akaniletea jogoo. "Mwalimu, kesho tulitakiwa hospitali, mtoto akapimwe masikio. Hatuendi tena. Mkono wako unatosha."

"Mama Zawadi, hapa umefika kwa mwenyewe!" (Huu mdomo wangu, jamani.)

Hapo hapo sufuria ikamponyoka bibi, ikaanguka kwenye saruji nyuma ya mtoto. Kuku wakatawanyika. Hata mimi niliruka.

Zawadi hakugeuka. Aliendelea kunitazama mdomo, akisubiri neno lingine.

Mama na bibi wakawacheka kuku. Mimi nilishaelewa. Na bado nikapokea jogoo, nikaondoka bila kuwaambia.

Sasa amefungwa hapa mlangoni, ananikodolea macho. Namrudisha jioni hii, na kesho nawapeleka hospitali kwa boda yangu mwenyewe. Nisemeni hapo chini kwenye maoni mnavyotaka, nimestahili.

Sina mkono wa bahati. Nilidanganya. Yule mtoto hasikii.