Nilivyoifungulia Moyo Kamati ya Harusi

Hata leo nikipita karibu na ule ukumbi wa kanisa pale Nyeri masikio hushika moto, lakini kwa vile nyinyi ni marafiki na mmeshasikia nusu ya habari (tena ile nusu mbaya), wacha niwape yote.

Miaka ile ya themanini mimi na Mama Wanjiku tulikuwa tumeachana. Yeye alienda kushona nguo Nanyuki, mimi nikabaki Nyeri na lori la maziwa, na katikati yetu alikuwa binti yetu mdogo, Wanjiku, ambaye kila tulipompokezana stendi ya basi tuligombana mbele yake, mpaka siku moja akaziba masikio kwa mikono. Hapo ndipo padri akatutuma kwa Sista mmoja aliyesomea kushauri familia, akasema haturudishwi kwenye ndoa, tunaenda kujifunza kulea mtoto mmoja tukiwa nyumba mbili. Mama Wanjiku akakubali shingo upande.

"Nitakuja, Baba Wanjiku. Lakini usipotokea, mtoto anahamia shule ya Nanyuki, na ndio mwisho."

Nikaapa nitatokea hata ikinyesha mvua ya mawe.

Kosa langu lilikuwa dogo tu. Badala ya kumwuliza mlinzi wa lango la kanisa ofisi ya Sista iko wapi, nilivuta kofia mpaka kwenye nyusi nikapita kimya (mji mzima ulinijua kwa sababu ya lile lori, na sikutaka isemwe ati Kariuki amepelekwa kushauriwa). Nikaona mlango wa ukumbi uko wazi, viti vimepangwa duara, wanaume kwa wanawake wameketi kwa heshima, nikajiambia, kumbe tuko wengi hivi! Nikapata moyo, nikaketi.

Mzee mmoja wa tai nyekundu akasema, "Karibuni. Kila mtu aseme ameleta nini. Nani ataanza?"

Nikasimama, maana nilijua nikingoja nitaogopa. "Mimi nimeleta moyo wangu," nikasema, na nikishaanza mimi huwa sina breki. Nikasema tulimvuta mtoto huku na huku kama blanketi moja usiku wa baridi, nikasema nilikuwa nikimfikisha stendi kwa kuchelewa makusudi ili mama yake aumie, nikasema sijui kusuka nywele na mtoto anaenda shule na kichwa kama kiota, halafu nikalia. Kulia kwa sauti, jamani! Msichana aliyekaa mbele yangu naye akaanza kulia, nikaona nimemgusa, nikamshika bega.

"Usijali, dada. Hata wewe ukiachana na wako, maisha yataendelea."

Mama mmoja akaruka kutoka kitini. "Ati aachane na nani? Huyu anaolewa Jumamosi!"

Ilikuwa kamati ya harusi. Watu walikuja kuahidi mbuzi na sufuria. Bibi harusi alikuwa anamwuliza mama yake, "Na sisi tukiachana?" na bwana harusi akaniangalia vizuri, akasema, "Si huyu ni Kariuki wa maziwa?" Nikarudi kinyumenyume, nikagonga meza ya chai, birika likanimwagikia suruali, na nilipogeuka, mlangoni walikuwa wamesimama Sista na Mama Wanjiku. Sauti yangu iliwafikia ofisini.

Lori lilikuwa pale nje. Ningekimbia. Lakini nikakumbuka mikono ya Wanjiku kwenye masikio, nikawaendea hivyo hivyo, suruali ikitoa mvuke.

"Sista, samahani, nimekosea mlango. Tuanze."

Mama Wanjiku akauliza, "Kwa hivyo ulikuwa unamchelewesha makusudi?"

"Makusudi."

Naye akasema, "Na mimi nilikuwa nasema ana homa ili abaki kwangu, na hana."

Siku hiyo Sista hakupata kazi ya kutufungua midomo. Tulikubaliana tutapokezana mtoto kwa salamu na si kwa maneno makali, na kwamba hakuna atakayemsema mwenzake mbele ya mtoto. Hatukurudiana, wala hatukutaka, lakini tuliendelea kwenda kwa Sista kila mwezi, na Wanjiku akaanza kuimba stendi akitungoja tusalimiane.

Harusi ile ilifanyika (sikualikwa). Lakini nimeapa: nikitafuta msaada kwa ajili ya mtoto wangu, sitavuta tena kofia usoni. Nitauliza njia kwa sauti, mchana, na anayetaka kucheka acheke.