Maandishi ya Rashidi kwenye Mlango wa Pikapu

Mwanahamisi alipoingia dukani kwangu mara ya kwanza, hapa Lushoto mjini, hakuuliza bei. Alifungua kopo la nta ya gari, akachovya kidole, akasugulia ukucha wake wenye hina.

"Shikamoo, kaka Alen. Hii inakwangua?"

"Marahaba. Ukishachovya umeshanunua."

"Nimepaka ukucha mmoja. Kumbe hapa mnauza kwa kucha?"

Nikajua huyu si wa kuchezewa. Nilijaribu kumpa polishi ya chupa iliyokaa sana rafuni. Akamimina tone kiganjani, akalisikia lina mchanga laini, akanirudishia chupa. Alikuwa sahihi. Ile ni ya kuondoa mikwaruzo, nayo inakula rangi.

Ndiyo kwanza ametoka eda. Mumewe, Rashidi, alikuwa akishusha kabichi kutoka Kwai hadi Mombo kwa pikapu. Mlangoni alikuwa ameandika mwenyewe, kwa rangi nyekundu iliyobaki ya madirisha: MAMA TATU TWENDE. Herufi zilianza kubwa, zikaishia kubanana kwenye kitasa. Siku za gulio mkewe, huyu Mama Tatu, alikuwa hamalizi kujifunga kitenge, honi inalia. Mwisho Rashidi akaona amwandikie kabisa.

"Yameanza kubanduka," alisema Mwanahamisi. "Ukungu wa kwetu si unaujua."

Ndugu walishakubaliana pikapu iuzwe, watoto wapate haki yao. Mnunuzi nilikuwa mimi, maana mbali na duka nanunua magari yaliyotumika na kuyauza, ila mwingine wa Magoma naye alikuwa akiizungukia.

"Nitawaambia mashemeji wakupe wewe," alisema, "na turubai la kufunikia mizigo nyongeza. Lakini maandishi usiyafute, wala usimuuzie atakayeyafuta."

Nikapiga hesabu. Turubai lilikuwa zima, na maandishi hayazuii injini kuwaka. Nikakubali. Nikampa kopo la nta na kitambaa laini, nikamwelekeza: osha kwa shampuu ya gari, sabuni ya unga hapana, ngoja jua litoke, bati likauke kabisa, paka nyembamba, ikifanya utando futa hapo hapo.

Kwai msimu ule jua lilichelewa kutoka, na kabichi zilikuwa zinapasuka shambani. Tena majirani walishaanza kusema mjane anabembeleza gari. Basi asubuhi ya siku niliyopanga kwenda kulichukua, aliupaka mlango ukungu ungali umetanda, akakimbilia shamba. Nta juu ya unyevu ikawa nyeupe, ikakauka kama ukoko.

Shemeji yake, Omari, ndiye aliyeuona weupe ule. Hakuwa na ubaya. Hakutaka gari la marehemu kaka yake litoke nyumbani chafu. Kwao kitu kikigandia kinasuguliwa kwa majivu, na masufuria yao yanang'aa kuliko haya ya dukani. Akachota majivu jikoni, akashika kitambaa changu kile kile, akasugua.

Nilifika pamoja na Mwanahamisi, yeye akitoka shamba na tenga kichwani.

"Shemeji, umeliona?" Omari alisema. "Kama limetoka bandarini jana."

Mwanahamisi akatua tenga. Akapitisha kiganja kwenye mlango, kuanzia kitasani kurudi nyuma, taratibu.

"Limeng'aa, shemeji. Ahsante."

Omari akanitazama, kisha akatazama kitambaa mkononi mwake. Kilikuwa chekundu. Akakaa chini pale pale, kwenye tope.

Nikamwambia Mwanahamisi kwamba mjini nina fundi wa kuandika mabango. Atayarudisha maneno yale, gharama yangu. Si neno ninalolitoa ovyo.

"Atayaandika vizuri?"

"Kuliko yale."

"Rashidi hakujua kuandika vizuri, kaka. Acha."

"Basi turubai libaki hapa."

"Lichukue. Tulishapatana."

"Tulipatana maandishi yawepo."

"Hukuyafuta wewe."

Nikalichukua. Nikashuka na gari lenye mlango mtupu, ambalo mteja yeyote angelinunua bila kuuliza Mama Tatu ni nani. Kwa biashara, nilipata zaidi ya nilichokubaliana. Kabla sijaondoka alinirudishia kopo la nta, karibu limejaa, nami nikalipokea. Kitambaa hakurudisha. Alikikung'uta majivu, akakikunja upande mwekundu ukiwa ndani, akakifungia kwenye pindo la kitenge. Kisha akajitwisha tenga lake, maana kabichi za gulio la kesho zilikuwa bado, na hakukuwa na wa kumpigia honi.