Kirikuu Iliyoimba kwa Breki

Kabla sijawaeleza nilivyopanda cheo kwenye kazi ya kufunga muziki wa magari, niuseme upumbavu wenyewe uishe: nilichukua umeme wa amplifaya kwenye waya wa taa ya breki. Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini, na hakuna aliyekuwa ameniajiri.

Gari ni kirikuu ya mama, pikapu ndogo ya kubebea viazi kutoka Buguruni hadi kwetu Kinyerezi. Redio yake ilikuwa na spika moja inayokohoa. Mie nikapata amplifaya, lile boksi la kukuza sauti, kwa kubadilishana na viatu vyangu vya mpira. Nikafunga na spika mbili kubwa kule nyuma kwenye bodi, nikaanza kutafuta waya wenye umeme. Rafiki yangu Idi alikuwa amekaa kwenye usukani akijifanya dereva wa mkoani, mguu juu ya breki. Nikagusa waya uliokuwa karibu, singeli, ule muziki wetu wa kasi, ikalia hadi kuku wa jirani wakahama. Nikafunga tepu nyeusi kwa fahari. Idi aliposhuka muziki ukakata, nikadhani kazima redio.

Kesho yake mama alipakia sufuria za kikundi cha kina mama azipeleke msibani, nami nikakaa nyuma kuzishikilia. Redio ilikuwa inawaka kimya, wala hakuwa na habari nayo. Kwenye tuta la kwanza akakanyaga breki, singeli ikalipuka. Akaachia, kimya. Akashtuka, akakanyaga tena, ikalipuka tena. Hivyo ndivyo tulivyoingia msibani, tuta kwa tuta, wazee kwenye viti wakigeuka kwa pamoja kila tukipunguza mwendo. Na pale kwenye msiba pana mteremko, kwa hiyo mama akasimama huku amekanyaga. Mjukuu mmoja wa marehemu alianza kucheza, akabebwa ndani.

Mwenyekiti wa kikundi, Mama Rehema, alishusha sufuria moja moja. Ya mwisho ilipotoka akasema, "Mama Josi, pole. Jumamosi zawadi za sendofu ya Rehema tutatafuta gari lingine."

Sendofu ni sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, na kwetu zawadi hutangulia juu ya gari lenye muziki, kina mama wakifuata nyuma na vitenge vyao vya sare. Tangu kikundi kianze, gari la mbele lilikuwaga la mama. Sijawahi kumwona akimbembeleza mtu, lakini siku ile alisema, "Dada, nipe hadi Jumamosi."

Hakunichapa. Alinipeleka Buguruni kwa Fundi Mkuu, mzee wa kutoka kusini anayeongea taratibu huku skrubu zimejaa mdomoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Wewe ndo yule wa breki?" Mama alikuwa ameshampigia simu. "Kwa nini ulichukua umeme pale?"

"Palikuwa karibu."

"Hata choo cha jirani kipo karibu. Unaingiaga tu?"

Kituo changu cha kwanza kilikuwa kushika tochi. Nilishika tochi mpaka nikajua kwamba amplifaya hulishwa na waya wake mnene moja kwa moja kutoka kwenye betri, na karibu na betri hukaa fyuzi, kijiwaya kinachokubali kufa kwanza ili gari lisiungue. Nikapandishwa cheo nikawa mkwangua rangi. Waya hasi lazima uume chuma kitupu, la sivyo muziki unanguruma kila ukikanyaga mafuta. "Rangi ni koti," alisema Fundi Mkuu. "Umeme haupiti kwenye koti." Mwisho nikakabidhiwa spika za kirikuu yetu, nikaziharibu siku hiyohiyo. Moja niliigeuza, chanya kwenye hasi, na besi yote ikapotea. Mzee hakuniambia kosa. Aliniuliza, "Wawili wamebeba kabati. Mmoja anakwenda mbele, mwenzake anarudi nyuma. Kabati linafika?" Nikageuza waya, kifua changu chenyewe kikatetemeka.

Jumamosi Mama Rehema alikuja na kirikuu ya kukodi, akaiweka nyuma yetu. "Ya kwenu ikibweka mara moja tu, tunahamisha zawadi," akasema. Mama akaitikia kwa kichwa. Mie nilikaa mbele, macho kwenye pedali ya breki.

Tulikwenda vizuri hadi milima ya Goba. Bodaboda ikakatiza ghafla mbele yetu, mama akakanyaga breki. Nyuma vigelegele vikakata. Kikundi kizima kilikuwa kinasikiliza.

Wimbo ukaendelea vilevile, haukupanda wala haukushuka.

Mama Rehema akashuka kwenye kirikuu ya kukodi, akaja kuweka kichwa dirishani. "Mama Josi, hebu kanyaga tena."

Mama akakanyaga.

"Tena."

Akakanyaga. Nyuma mtu akaanza kucheka, mwingine akapiga kigelegele, na dereva wa kirikuu ya kukodi akaambiwa aje tu ale pilau.

Mie nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba, kwa sababu Jumatatu shule zilifunguliwa. Kazi imeniachia kidole kilichoungua na tabia mbaya: gari likipita na muziki sisikii tena wimbo, najiuliza waya hasi umefungwa wapi. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza mnaotaka kuifanya, anzeni na tochi. Inachosha mkono, lakini aliyeshika tochi ndiye anayeona kila kitu. Sijutii chochote, isipokuwa vile viatu.

Jioni ile ya sendofu, tulipomshusha mama wa mwisho, tukabaki wawili. Mama akaweka kwaya yake. Akapita kona ya kwetu. Nikadhani kasahau. Akaenda hadi karibu na mitambo ya umeme wa gesi, akageuza, akarudi polepole. Wimbo ukaisha, wa pili ukaanza, akauacha nao uishe. Getini akazima redio, akachomoa ufunguo, akanikuta namwangalia.

"Nilikuwa napasha injini," akasema.