Mtoto wa Katikati

Kengele ya shule ililia ndani ya ukungu kabla hatujaliona lango. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu Kendi, mwenye alama za wastani, kuomba nafasi katika shule ya kibinafsi karibu na Manyatta. Mwalimu mkuu alitupokea kwa Kiswahili laini hata nikamdhani mtu wa pwani. Basi mimi mjuaji nikamwambia Kendi kwa Kimeru, mbele ya mwalimu huyo: “Mdanganye kwamba uliugua wakati wa mtihani. Nani atamtaka mtoto wa katikati darasani?”

“Mimi namtaka, kijana,” mwalimu akanijibu kwa Kimeru cha kwetu Mikinduri. “Nafasi ameshapata.”

Uso uliniwaka. Kendi hakutabasamu.

“Sikuugua, mwalimu,” alisema. “Nilijitahidi sana.”

Kisha akatoka bila kunitazama, akaufunga mlango taratibu.